Chapati ndiyo mgeni, si dada yangu

Krismasi ya 2022 dada yangu mdogo alikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni akila ndizi mbili, huku sisi wengine ndani tukishindana nani atafikisha chapati ya sita. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemtukana. Lakini kila shangazi aliyepita pale alimuuliza swali lile lile: "Kwani wewe siku hizi ni mzungu?" Akawa anacheka tu. Usiku nilimkuta analia.

Miezi michache kabla ya hapo ndio tulikuwa tumepata jina la kinachomsumbua: ugonjwa wa siliaki. Miaka minne tulizungushwa. Hospitali moja ikasema amiba. Nyingine ikasema vidonda vya tumbo. Kuna kliniki ilimpa dawa za taifodi mara tatu mwaka mmoja, na msichana bado anakonda, damu iko chini, tumbo limefura. Tulipofika kwa daktari aliyemuuliza anakula nini asubuhi, jibu lilikuwa mkate na chai, kama nyumba nyingi tu hapa Kenya. Saa nne mandazi. Jioni mara nyingi chapati. Yaani ngano asubuhi, ngano mchana, ngano usiku.

Daktari akatuambia aache ngano, shayiri na chochote kinachotokana nazo, maisha yake yote. Mama akaenda supamaketi akarudi na pakiti ndogo ya unga wa kutoka ng'ambo, maandishi yote ya kizungu, bei ambayo ingetulisha ugali wiki mbili. Tukapika. Chapati zikatoka kama kadibodi. Tukajiambia basi, huu ni ugonjwa wa matajiri na sisi tumeupata kwa bahati mbaya.

Nimeandika haya kwa sababu tulikuwa tumekosea kabisa, na ilibidi nisome historia ndio nijue tumekosea wapi.

Tuanze na gluteni yenyewe, maanake watu wanaitaja kama ni sumu iliyotengenezwa kiwandani. Gluteni ni protini za ngano. Mtu wa kwanza kuitenga na kuieleza alikuwa msomi wa Bologna, Italia, Jacopo Beccari, mwaka 1728. Alichofanya unaweza kukifanya leo jikoni kwako: chukua donge la unga wa chapati, lioshe polepole chini ya maji hadi wanga wote utoke na maji yaache kuwa meupe. Kinachobaki mkononi ni kitu kinachonata, kinavutika kama chingamu. Hicho ndicho kinachofanya chapati ikunjike bila kukatika na mkate ushike hewa ukafura. Shayiri ina protini za ukoo huo huo. Mtama hauna. Wimbi, mahindi, mchele, muhogo, ndizi, viazi, vyote havina.

Sasa, kwa mtu mwenye siliaki, mwili unaiona gluteni kama adui, na katika kupigana nayo unajijeruhi wenyewe: vile vinyweleo vidogo ndani ya utumbo vinavyofyonza chakula vinalala chini. Mtoto anakula vizuri na bado ana njaa ya mwili. Daktari wa Uingereza, Samuel Gee, aliueleza ugonjwa huu vizuri sana mwaka 1888, akasema kama kuna tiba basi itatoka kwenye chakula. Alikaribia sana! Alikuwa na mtoto mmoja aliyelishwa kome wa Uholanzi kila siku akanawiri ajabu. Msimu wa kome ukaisha, mtoto akarudi kuwa mgonjwa. Gee hakujua kwamba huenda cha maana si kome, ni mkate ambao mtoto hakuula akiwa ameshiba kome.

Mwaka 1924 daktari wa New York, Sidney Haas, akaja na tiba ya ndizi. Ndizi kila siku, nyingi. Watoto walipona na dunia ikaamini ndizi zina kitu fulani cha kiujiza. Ndizi zetu nazipenda, mimi ni wa Kisii, siwezi kuzisema vibaya. Lakini muujiza wake ulikuwa ule ule wa kome. Ndizi zilichukua nafasi ya mkate, na waliodhani wamepona wakarudia mkate waliugua tena.

Aliyefumbua fumbo ni daktari wa watoto kutoka Uholanzi, Willem Karel Dicke. Tangu miaka ya 1930 alikuwa tayari anashuku ngano na anajaribu kuwalisha wagonjwa wake bila mkate. Halafu ikaja baridi ya 1944 na 1945. Wajerumani wakazuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi, na watu takriban 20,000 wakafa kwa njaa. Walikula hata vitunguu vya maua ya tulipu. Na katikati ya msiba huo, watoto wachache wenye siliaki walikuwa wanaendelea vizuri, kwa sababu mkate haukuwepo. Mkate uliporudi, na ugonjwa ukarudi. Dicke akaandika tasnifu yake mwaka 1950, na yeye na wenzake wakaonyesha kwamba shida iko kwenye ngano, hasa ile gluteni.

Nikisoma habari hiyo nilibaki nimekaa tu. Ilibidi nchi nzima ikose mkate ndio ijulikane mkate unaumiza baadhi ya watoto. Nikajiuliza: je, watu ambao hawakuwa na mkate kabisa? Yaani sisi?

Hapa ndio historia inakuwa yetu.

Wimbi lilianza kulimwa nyanda za juu za Ethiopia na Uganda, maelfu ya miaka iliyopita. Mtama ni wa Sudan, ushahidi wake unapita miaka 5,000. Na maziwa? Wachimbaji wa mambo ya kale wamepima mabaki ya mafuta kwenye vyungu vya wafugaji wa zamani vilivyopatikana Kenya na Tanzania, wakakuta maziwa. Kwa hivyo nafaka isiyo na gluteni pamoja na maziwa si mapishi ya mtandaoni ya 2020 na kitu. Ndiyo meza ya zamani zaidi tuliyo nayo.

Ibn Battuta alipopita pwani yetu mwaka 1331 alilishwa Mogadishu wali uliopikwa na samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando pamoja na malimau ya achari, pilipili na tangawizi mbichi. Soma hiyo orodha tena pole pole. Hakuna punje ya ngano. Hiyo menyu ukiiweka leo kwenye mkahawa wa Westlands uandike "bila gluteni" utalipisha elfu mbili na watu watapiga picha.

Sisemi pwani hawakuijua ngano. Biashara ya bahari na Arabuni na India ni ya kale, na neno ngano lenyewe liko ndani ya Kiswahili tangu zamani. Lakini ukiangalia vizuri, nusu ya vitafunio vya Waswahili ni vya mchele ama mtama. Vitumbua ni mchele. Mkate wa kumimina ni mchele na tui la nazi, unaumuka na hauhitaji ngano. Mkate wa mofa ni unga wa mtama unaobandikwa kwenye tanuri la udongo, na Wasomali wana ndugu yake. Nilipogundua hivyo nilimpigia dada yangu simu nikamwambia, "Wewe unaweza kula vitumbua, tulikuwa tunakunyima vitumbua bure!" Akanitukana. Alikuwa na haki.

Bara ndiyo ngano iliingia juzi. Reli ilijengwa kati ya 1896 na 1901, na zaidi ya vibarua 30,000 wakaletwa kutoka India. Wengi walirudi kwao, lakini waliobaki na wafanyabiashara waliofuata wakafungua maduka hadi ndani ndani, na unga na chapati zikaingia nao. Wakati huo huo walowezi wakachukua ardhi. Lord Delamere alikaa Njoro, ng'ombe na kondoo wakamfia, akahamia ngano, ngano ikaliwa na kutu. Akaajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu zinazostahimili. Mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya Unga. Kituo cha kuzalisha mbegu za ngano Njoro kilianzishwa 1927 na kipo hadi leo, chini ya KALRO. Serikali ya kikoloni ikaweka ushuru kwa ngano na unga wa nje ili walowezi wasishindwe bei. Yaani mkate ulitafutiwa kiti katika nchi hii kwa nguvu, kwa sheria na kwa pesa.

Na msidhani naugeuza ugali wa mahindi kuwa mtakatifu. Mahindi nayo ni mgeni, yalitoka Amerika na Wareno. Kilichoyaeneza bara kwa kasi ni Vita vya Kwanza vya Dunia. Wapagazi wa jeshi, wale ambao jina lao limebaki Kariakor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar, walilishwa posho ya mahindi. Vita vikaacha njaa, mbegu za wimbi zikapungua, mahindi yakajaza pengo. Mwaka 1964 Kitale wakatoa mbegu chotara ya H611 na mchezo ukaisha. Nyanya yangu, ambaye sisi tunamwita magokoro, anasema alipokuwa msichana ugali wa wimbi ulikuwa wa kila siku na wa mahindi ulikuwa wa wageni wa mjini. Leo imegeuka. Obokima ya wimbi ni ya arusi na ya mgeni wa heshima, maanake wimbi ni ghali na linachosha kupalilia.

Tofauti ni kwamba mahindi hayamuumizi dada yangu.

Kuna mahali Afrika ambapo jambo hili lilionekana wazi. Wasahrawi wa Sahara Magharibi, ambao wengi wamekuwa kambini Tindouf, Algeria, tangu miaka ya 1970, zamani waliishi kwa maziwa ya ngamia, tende na nyama. Ukoloni wa Uhispania ukaleta mkate, halafu ukimbizi ukaleta unga wa msaada. Utafiti uliochapishwa 1999 ulikuta karibu watoto 6 kati ya kila 100 wana siliaki, kiwango cha juu kuliko popote palipokuwa pamepimwa. Kwa hivyo anayesema huu ni ugonjwa wa wazungu, aende akawaambie hao.

Sasa jibini. (Naandika jibini kwa makusudi. Nikiandika chizi mtadhani namsema mtu.) Jibini ya dukani Kenya nayo ina hadithi ya walowezi: KCC ilianza Naivasha mwaka 1925 ikiwa ni chama chao, na Mwafrika alizuiwa kwa miaka mingi kufuga ng'ombe wa kisasa wa maziwa hadi mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipoanza kufungua mlango. Pengine ndio maana jibini bado tunaiona kama ya hoteli. Lakini kugandisha maziwa hatukufundishwa na mtu. Wakalenjin wana mursik kwenye sotet iliyopakwa masizi ya mti. Sisi Kisii tuna amabere amaruranu. Waethiopia wana ayib, jibini laini ya maziwa yaliyokwisha kutolewa siagi, na wanaila na injera ya tefu, ambayo nayo haina gluteni. Ila uliza kwanza, kuna wanaochanganya tefu na ngano ama shayiri.

Tulivyofika hapo nyumbani ni magokoro. Tulimpelekea dada yangu likizo ya Aprili, tukiwa na ile pakiti ya ng'ambo na orodha ndefu ya makatazo. Akasikiliza yote. Akauliza, "Kwa hivyo hawezi kula unga mweupe wa dukani?" Tukasema ndiyo. Akasema, "Hata mimi nilikua bila huo," akaingia jikoni. Jioni hiyo alipika obokima ya wimbi na chinsaga iliyolala kwenye maziwa. Dada yangu akaongeza mara mbili. Hakuna aliyemuuliza kama ni mzungu.

Jibini tuliongeza sisi, na sasa hata magokoro ameizoea. Mnaoniuliza, tunafanya hivi. Maziwa lita mbili, yale freshi ya ng'ombe ama ya pakiti, lakini si ya muda mrefu, hayagandi vizuri. Pasha hadi yakaribie kuchemka. Zima moto, mimina maji ya limau vijiko vinne vikubwa, koroga mara mbili tu, uache dakika kumi. Maziwa yatajitenga: mabonge meupe na maji ya kijanikijani. Chuja kwa kitambaa safi. Hapo kabla halijapoa tia chumvi na dhania nyingi iliyokatwa ndogo ndogo, pamoja na nanaa kiasi. Watanzania dhania wanaiita giligilani, na sisi jina tumelichukua kwa Wahindi wale wale wa chapati, hivyo msiseme sina shukrani. Kama uko pwani na una mrehani uani, tumia huo, wacha kuutia kwenye nywele peke yake. Funga kitambaa, weka sufuria ya maji juu, saa moja. Yale maji yaliyotoka usimwage, pikia uji.

Halafu chapati za maji. Kikombe kimoja cha unga wa wimbi, nusu kikombe cha unga wa muhogo, yai moja, chumvi, maji ama maziwa kikombe na nusu. Ule wa muhogo ndio unaoshikilia, maanake gluteni ya kushika haipo. Acha mchanganyiko ukae dakika kumi na tano, mimina kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, usigeuze haraka. Zikiiva vunjia jibini juu, ongeza dhania, kunja. Zitakatika kidogo. Bana, zikikatika unakula vipande.

Kitu ambacho kilitushinda kwanza hakikuwa mapishi. Kilikuwa kinu. Kiwango cha kimataifa cha chakula kinachoitwa hakina gluteni ni miligramu 20 kwa kila kilo, na unga wa ngano unaoushika kwa vidole viwili unatosha kuharibu kilo nzima. Mwenye kinu cha posho mtaani husaga chochote unacholeta: mahindi ya huyu, ngano ya yule, kwa mashine moja. Dada yangu aliugua wiki nzima kwa wimbi letu wenyewe, la shamba letu, hadi tukamlaumu magokoro kwamba amechanganya kitu. Hakuwa amechanganya. Na ule unga wa uji wa pakiti wa nafaka nyingi, soma nyuma, kuna zilizowekwa ngano ndani.

Mambo mawili ya haraka kwa walioniandikia wakisema wanataka kuacha ngano kesho kwa sababu tumbo linafura. Usiache kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu kinatafuta vita ambavyo mwili unapigana, na ukiacha ngano vita vinatulia, majibu yanakuja safi na unabaki hujui. Pili, kama ndio umegunduliwa tu, maziwa yanaweza kukusumbua mwanzoni kwa sababu utumbo umejeruhiwa. Dada yangu alianza na maziwa ya mgando, jibini akaanza baada ya miezi kadhaa, na kwa ushauri wa daktari, si wangu.

Ngano bado inaliwa kwetu. Baba hawezi kunywa chai bila mkate na mimi chapati siachi, niseme ukweli. Lakini sehemu kubwa ya ngano ya Kenya inatoka nje, na 2022 vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya unga, nyumba nzima ilikuwa inanung'unika isipokuwa mtu mmoja, aliyekuwa anakula muhogo wake kimya.

Siku hizi tumekubaliana na mwenye kinu. Jumamosi anafungua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, anapiga kinu brashi, anasaga kwanza kilo mbili za mahindi yetu kusafisha, zile tunawapa kuku, halafu ndio wimbi linaingia. Anatudai shilingi ishirini za ziada. Krismasi iliyopita magokoro alikuja Nairobi na mfuko wake wa wimbi mwenyewe, akasimama pale kinuni tangu saa kumi na mbili na robo na shuka mabegani, akahakikisha hakuna aliyetangulia. Kisha akarudi nyumbani, akaonja jibini yangu, akasema chumvi ni kidogo.